Hongera za Gari Zimenichosha

Mtaa mzima wanipa hongera. Muuza mahamri, muadhini, hata yule mwenye duka ninayemkwepa kwa sababu ya deni la sukari, kila mmoja akiniona ananyoosha mkono: "Hongera bwana, gari jipya!" Nami nashika mkono, nasema ahsante, tuombeane dua. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kunipa pole.

Kwanza lenyewe si jipya, ni jipya kwangu. Limetoka Japani limeshatumika, likashushwa bandarini Mombasa, na kwa vile sheria ya Kenya haikubali kuingiza gari lililozidi miaka minane, tuseme bado ni kijana. Ni kigari cheupe, kidogo, cha haibridi: injini ya petroli na mota ya umeme ziko mbele, betri imefichwa chini ya kiti cha nyuma. Mke wangu ndiye aliyekichagua. Alisema hakili mafuta, na hilo sibishi. Kijana wa kituo cha petroli siku hizi ananitazama kwa huzuni. Lakini mgongo unaokaa kwenye kile kiti ni wangu, si wa mke wangu, wala haukuulizwa.

Mimi nimetoka kwenye Peugeot 504, ile ndefu ya viti safu tatu. Vijana hamuijui. 504 za ukoo wake zilishinda Safari Rally mwaka 1975, zikashinda tena 1978, wakati rali ni rali, tope mpaka kwenye nyusi. Springi zake ndefu, tairi nene. Ikiingia shimoni ilishuka, ikapanda taratibu, abiria wakasema "aah" kwa pamoja, mambo yakaisha. Usukani ulikuwa mzito. Kuipinda pale sokoni ilikuwa kazi ya mabega mawili, na mtu akifika nyumbani alistahili chai.

Na klachi! Mguu wangu wa kushoto ulikuwa na misuli kuliko wa kulia. Sasa hauna kazi. Umestaafishwa bila notisi, bila kiinua mgongo. Mwanzoni ulikuwa ukiinuka wenyewe, unakwenda kutafuta klachi, unaikuta breki, na kwa nguvu zilezile za Peugeot unaikanyaga. Kigari kinasimama papo hapo. Siku moja karibu na stendi mtandio wa mke wangu ulitoka kichwani ukatua juu ya dashibodi, na tuktuk zilizokuwa nyuma yangu zikanitolea maneno ambayo sikuyafunzwa chuoni. Mke wangu akanitazama. Nikatazama mguu.

Breki yenyewe ina tabia zake hata ukiikanyaga kwa mguu unaostahili. Fundi wangu wa mtaa wa Barani, hapa Malindi, alinieleza. Ukiigusa, kwanza ile mota ya umeme inageuka jenereta, inakula mwendo wa gari na kuupeleka kwenye betri. Brekipedi zenyewe hazina haraka, zaja mwishomwisho. Basi waona gari lapungua vizuri, wajisifu kimoyomoyo, halafu likikaribia kusimama zamu zinabadilishana na vichwa vyote vinainama. Nikivuka mji mmoja tu, abiria wangu wanakuwa wameshaitikia kwa vichwa mambo chungu nzima ambayo sijayasema.

Gia nayo ni kijiti kifupi chenye herufi. Jirani yangu mwenye tuktuk, ambaye hakuna gari asilolijua kwa mdomo, alinifunza bila malipo: P ni pumzika, R ni rudi, N ni ngoja, D ni dereva kazi kwako, na ile B ya mwisho ni barabara mbovu. Nikaitumia B kuanzia kwangu mpaka lami. Gari likawa laguna, lajivuta, lakataa kuserereka. Kumbe B ni ya kuteremkia mlima, injini isaidie breki. Malindi hii! Mlima ulio karibu kwangu ni rundo la kokoto la jirani anayejenga.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni ukimya.

Juzi baada ya alasiri nilikuwa natoka Shela ya hapa Malindi kwa uchochoro wa nyuma ya msikiti. Mbele yangu mzee, kanzu, kofia ya vito, bakora, akitembea katikati ya njia kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa. Peugeot ingekuwa imeshamwarifu tangu barabara kuu; watu walikuwa wakiisikia wakiwa uani, wakaingiza viti ndani. Kigari hiki mwendo wa chini kinakwenda kwa umeme mtupu. Nikawa nyuma ya mzee hatua mbili, hana habari. Nipige honi? Mzee wa watu, pale pale msikitini, na waliotoka kuswali wamejipanga barazani wananitazama? Kesho habari ziko Lamu. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa adabu zaidi. Mwisho nikatoa kichwa dirishani.

"Masalkheri, mzee wangu."

Akageuka, akaliona gari liko magotini mwake, akashtuka, kisha akakumbuka adabu kabla yangu.

"Akheri, mwanangu. U mwana wa nani weye?"

Nikamtajia baba.

"Lo! Na babuyo ndiye yule aliyekuwa na jahazi?"

"Ndiye huyo."

"Na shangaziyo, aliyeolewa Takaungu, hajambo?"

Tukaupitia ukoo wote. Tulipomaliza walio hai tukawaombea walio makaburini. Mzee akaweka mkono juu ya boneti, akainama, akategea sikio, akatikisa kichwa.

"Sasa mbona umelizima katikati ya njia, mwanangu? Watu wapite wapi?"

Mama mkwe ndiye mgumu kuliko wote. Yeye akaa Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, na kila nikimfuata kumleta mjini lazima niombe Mungu njia nzima. Kila nikiwasha, sauti ya mwanamke wa Kijapani inatoka kwenye dashibodi, laini, yenye heshima, ikisema jambo refu. Nilipouliza nikaambiwa anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijatiwa. Barabara kuu za Japani! Mimi nimekwenda Mambrui kuchukua nazi. Mama mkwe hakungoja maelezo. Alivuta buibui, akakaza macho mbele, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Huyu bibi ni nani, na mwanangu amjua?"

Tukaondoka. Mbele tukasimamishwa na polisi, na kwa vile gari limesimama, injini ikajizima, maana ndiyo kazi yake, kubana mafuta. Mama mkwe akashusha pumzi: "Inna lillahi. Limekufa." Akatoa tasbihi. Afande akatazama leseni, akatazama bima, akaridhika.

"Haya, washa uende."

"Limewaka, afande."

"Nimesema washa."

"Wallahi limewaka."

Akaniangalia vile wanavyoangalia. Nikabonyeza kitufe, likazimika. Nikabonyeza tena, bibi wa Kijapani akatoa hotuba yake yote. Afande akarudi nyuma hatua moja, akanipungia mkono nipite.

Redio hata sitaki kuitaja. Imetengenezwa kwa masafa ya kwao, inaanzia 76 inakomea 90, na huku kwetu FM inafika 108, kwa hivyo stesheni nilizozizoea ziko ng'ambo ya ukuta. Kuna kidude cha kuunganisha kwenye waya wa eriali kinachozishusha. Nimekinunua. Sasa napata taarabu, lakini namba zote ni za uongo.

Turudi kwenye mgongo. Peugeot ile, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.9. Kigari hiki ni mita mbili na nusu na kidogo. Maana yake tuta moja unalipiga mara mbili kwa pumzi moja: mbele hawajamaliza kulalamika, nyuma nao wameshaingia. Na springi ni fupi, za barabara ya watu waliostaarabika, barabara ambayo shimo likionekana huandikwa gazetini. Tumboni mpaka lami ni kama sentimita 14. Matuta yetu mengine ya barabara ya Mombasa hayakujengwa kwa kipimo hicho. Aliyeyamwaga aliyamwaga kwa hasira. Basi mimi nayavuka mshazari, gurudumu moja moja, abiria wote wameinua makalio kidogo wakidhani wanasaidia, na nyuma yangu basi la Mombasa lapiga honi mpaka mnazi wadondosha kidaka. Halafu, kwa uangalifu wote huo, chini panasikika krrrr. Kwenye gari zima kunakuwa kimya. Kila mtu anatafuta cha kutazama dirishani.

Kwa muda nikadhani shoki zimekwisha. Fundi akasukuma kila pembe ya gari kwa kiganja, likashuka likarudi likatulia, akasema shoki nzima. Ndipo akafungua mlango wa dereva akanionesha kibandiko kwenye nguzo: upepo wa tairi, 230. Hizo ni kilopaskali, yaani kama PSI 33. Yule kijana wa pancha ninayejazia kwake, kila chombo kinachosimama mbele yake, kiwe pikapu, kiwe kigari cha bibi harusi, yeye ni arubaini. Ukimuuliza kwa nini, asema arubaini ni namba nzuri. Tulipopunguza, meno yangu yaliacha kugongana. Nafuu ipo, siwezi kukana. Lakini kutoka "nafuu ipo" mpaka ile "aah" ya Peugeot, njia bado ndefu.

Usukani nao ni mwepesi kama mwiko kwenye uji wa mgonjwa. Mtu mwenye mabega yaliyolelewa na 504 akikwepa mbuzi Msabaha, anajikuta karibu aingie uani kwa mwenye mbuzi. Siku hizi naendesha kwa vidole, tena viwili, nikijikumbusha kwamba hiki si kinu. Na nitasema haki hata kama yaniuma: kwenye kona kinashika. Ukipinda pale Gede kuingia njia ya Watamu, Peugeot ilikuwa ikilala upande mpaka abiria wa safu ya tatu wakaonana na barabara. Hiki kinapinda kimesimama wima, hakitikisiki, hata yai lililo kitini halisogei. Mke wangu akiliona hilo huninyamazia makusudi, jambo linaloudhi kuliko kusema.

Mchanga sasa. Njia ya kuingia kwangu ni mchanga mtupu, na Peugeot ilikuwa yasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukijaza watu na nazi huko nyuma, yaenda. Kigari hiki kinavutwa kwa mbele, tena kina akili ya ziada: gurudumu likianza kuzunguka bure, kompyuta inapunguza nguvu. Barabara yenye maji, sawa. Mchangani, hapo ndipo unapoihitaji nguvu, yeye anakunyang'anya. Wakanyaga eksileta, yeye anakuwashia kitaa cha rangi ya chungwa, kigari kimechorwa kinaserereka, halafu ananyamaza. Kuna kitufe cha kumzima akili, lakini nacho kimeandikwa Kijapani.

Basi tukakwama, mimi, mke wangu, mama mkwe na shemeji yangu wa Lamu. Vijana wa pwani wakaja mbio, wale waliozoea Wataliano, wakawa wanipigia kelele "Piano! Piano!", yaani polepole kwa Kitaliano. Bibi wa Kijapani naye akadakia ndani, mama mkwe asoma ayatul kursi, na mimi natafuta kitufe. Shemeji ndiye aliyeshuka taratibu, akazunguka gari, mikono nyuma. Huyu ni mtu wa mjini Lamu, huko safari ni punda, mashua na miguu. Gari likifika gati la Mokowe ndio mwisho wake. Akasema, punda akikwama hapigwi, hupunguzwa mzigo. Akateremsha watu wote, akateremsha na nazi. Vijana wakagusa tu, kigari kikachomoka. Sikuthubutu kusimama tena mchangani, nikaenda moja kwa moja mpaka nyumbani. Kwenye kioo nawaona wanakuja kwa miguu, mama mkwe mbele, nazi zimebebwa na vijana kwa shilingi mia mia, na kutoka kule mbali naona mdomo wa mama mkwe wafanya kazi.

Alipofika alikuwa na neno moja: gari liko chini mno, hata tuktuk zampita juu. Fundi akaleta dawa yake, spesa za kutia juu ya springi, liinuke kama inchi moja na nusu. Akaongeza kwa uaminifu kwamba likiinuliwa litayumba kidogo kwenye kona, yaani lile jambo moja zuri nalo liondoke. Mke wangu akasema hapana. Mama mkwe akasema ndiyo. Katika nyumba yangu huo ndio mwisho wa bunge, tukatia.

Wiki iliyofuata mama mkwe akalalamika kwamba sasa limekuwa juu, goti halifiki. Nimemchongeshea kigoda cha kukanyagia, cha mbao nzito, kinakaa kwenye buti. Na tangu hapo kila tuta nasikia ko-ko-ko huko nyuma. Nimempelekea fundi. Amelala chini ya gari tangu asubuhi, ametoka na grisi mpaka masikioni, ameniandikia bushi mbili na shoki ya nyuma ya kulia. Nimefungua buti, nikatoa kigoda, nikakikalia nimsikilize bei.