Maranda hayajipindui

Jumapili shemeji yangu amenitumia video. Bwana mmoja amevaa gambuti, amesimama juu ya maranda kama yuko pwani, anatuambia siri ya tandiko nene la kulalia ng'ombe ni kumwaga maranda na kusahau. Ng'ombe walale, wanye, wewe uje baada ya mwaka kubeba mbolea. Nimeitazama mara tatu. Gambuti zake hazina hata tone la mavi.

Nina ng'ombe wanne hapa Bahati, Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa tatu na tandiko. Nalipenda. Ng'ombe akipata mahali laini hulala saa 12 hivi kati ya 24, akicheua polepole, na vidonda vya magoti walivyopata kwenye simiti vimepona mbele ya macho yangu. Kwa hilo sibishani na mtu.

Lakini kusahau? Nilisahau, maana niliambiwa nisahau. Mvua ya Aprili ikapigwa na upepo mpaka ndani, juu pakawa tope. Asubuhi moja nakamua, maziwa yanatoka mabonge mabonge kama mala. Chuchu moja haikurudi tena. Daktari wa mifugo hakusema mengi. Aliinama, akachota tandiko, akalikamua kiganjani, maji yakapita kati ya vidole. Kisha akaniangalia. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo napindua kwa jembe uma mara mbili kwa siku, ng'ombe wakiwa wanakamuliwa. Vijidudu vinavyokula kinyesi vinataka hewa. Vikiipata vinachemka, na joto lao ndilo linalokausha juu. Chimba shubiri moja, tia mkono. Kukiwa baridi, hapo unafuga mastaitisi, ugonjwa wa kiwele. Harufu ya mkojo ikikuchoma macho, ongeza maranda.

Na maranda hayo hayaokotwi! Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma 2018, misumeno ya Elburgon ikanyamaza. Marufuku iliondolewa 2023. Mkojo wa ng'ombe haukungoja. Siku hizi nachanganya na mabua ya ngano ya Njoro, niliyoyakatakata kwanza, maana marefu yanashika jembe na kukuvunja mgongo.

Kuku, haya, nakubali kidogo: wao hujipindulia wakichakura. Ng'ombe hachakuri.

Shemeji ameshanipigia kuuliza kama namjua mtu wa lori la maranda. Namjua. Nimemwambia namba nitampa akinionyesha jembe uma.