"Punguza mawazo, mama"

Mama amekaa kwenye benchi la kliniki, mashine imemkaba mkono. Presha inasoma 170 kwa 100. Nesi anaandika kwenye kadi, kisha anasema: "Mama, punguza mawazo." Nani hajawahi kuyasikia maneno hayo? Swali ni kama yana dawa ndani yake.

Wanaoyaunga mkono wana ushahidi mtamu. Kuanzia miaka ya 1930, masista 180 wa Kikatoliki nchini Marekani, wengi wakiwa na miaka ishirini na ushei, waliandika kwa mkono historia fupi za maisha yao. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba wale ambao maandishi yao yalijaa furaha na shukrani waliishi miaka mingi kuliko wenzao. Na masista hawa walikula chungu kimoja, hawakuzaa, hawakuvuta sigara. Huwezi kusingizia umaskini wala pombe.

Lakini mwaka 2015 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 700,000 wa Uingereza. Wasio na furaha walikufa zaidi, ndiyo, ila hesabu ilipozingatia ugonjwa waliokuwa nao tayari, pamoja na sigara na hali ya maisha, tofauti ikayeyuka. Maradhi ndiyo yaliyowanyang'anya furaha. Nina shaka kidogo: furaha ilipimwa kwa swali moja la dodoso, na wanawake wangapi hujibu "sijambo" huku moyo unavuja?

Kwangu mimi, kukosa furaha ni jambo moja, kubeba mzigo usiotuliwa ni jingine. Huko Ohio, Marekani, mwaka 1995, wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu walitobolewa kidonda kidogo mkononi, cha milimita 3.5. Kilichelewa kupona kwa siku tisa hivi kuliko cha wenzao wasiouguza mtu. Hapo hatuzungumzii tabasamu. Mwili unaoishi kwenye hofu humwaga kotisoli, homoni ya msongo, bila kupumzika, na kinga hudhoofika.

Ndiyo maana "punguza mawazo" hunikera. Mawazo ya mama yule si bomba ambalo ameacha kulifunga. Angeulizwa kwanza kama vidonge vya presha anavimeza kila siku, analala saa ngapi, na kama nyumbani kuna mgonjwa, nani humpokea zamu usiku.