Kamati ya Madumu Mawili

Ukifanya kazi maktaba ya chuo, uswahilini wewe ndiye daktari, mwanasheria na fundi simu. Kwa hiyo Mama Zai, ambaye hutengeneza sabuni za maji, aliporudi Kariakoo na madumu mawili yasiyo na lebo, aliniita uani pale kwetu Mbagala, akanisogezea kigoda.

"Mdogo wangu, hebu niangalizie kwenye kompyuta yako. Nikichanganya hii jiki na hii ya masinki, si napata dawa ya choo kali kuliko zote Mbagala hii?"

Swali zuri. Tatizo ni kwamba ilikuwa Jumapili, umeme umekatika, na wapangaji wote walikuwa wanatafuta cha kutazama. Wakakipata: mimi.

Nilifungua PubMed, kanzidata ya machapisho ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Mwalimu mstaafu akashika usukani. Alitaka tuandike swali zima, kwa Kiingereza sanifu, na tuanze na "tafadhali". Nikamwambia hii kitu haihojiwi. Unaipa jina la kemikali, unaweka AND kwa herufi kubwa, halafu unataja kile unachokiogopa. Basi. "Huo ni ukosefu wa adabu," akasema, akaandika barua yake mpaka mwisho. Jibu: hakuna kitu.

Kinyozi akampokea. Yeye akaandika "bleaching" na kuongeza Tanzania, "isije ikatupeleka Ulaya." Yakamwagika. Kung'arisha meno. Matumbawe ya bahari yetu yaliyopauka mwaka 1998 maji yalipopata joto. Halafu, bwana wee, mkorogo! Zebaki, hidrokwinoni, yote. Kinyozi akawa anasoma na kutafsiri kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, mpaka alipofika kwenye viungo vya vidole kubaki vyeusi wakati uso umeshatakata. Uani kukawa kimya. Macho yote yakamwendea shemeji Husna, ambaye alikuwa anaingiza mikono ndani ya khanga taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Endeleeni na madumu yenu," akasema.

Hapo nikainyang'anya kompyuta. Kemikali moja ina majina mengi kama tapeli: la dukani, la kiwandani, la vitabuni, na lile la Kariakoo. Ndiyo maana zikawekwa namba za CAS, kila kemikali na yake. Dumu la kwanza lilikuwa na namba imeandikwa kwa maka peni: 7681-52-9. Uzuri wake, namba hizi zinajikagua zenyewe. Tarakimu ya mwisho unaiacha, unarudi nyuma ukizidisha: 2 mara 1, 5 mara 2, 1 mara 3, 8 mara 4, 6 mara 5, 7 mara 6. Mwalimu alijumlisha kwenye kitochi chake, akaruka. "119! Inaishia na 9! Ni halali!" Nikaiingiza PubChem, kanzidata nyingine ya bure iliyoanza 2004, ikaja moja kwa moja: hipokloraiti ya sodiamu. Jiki yenyewe.

Dumu la pili lilikuwa na tarakimu kumi. Mwalimu alishaanza kuzidisha.

"Mwalimu, CAS haianzi na sifuri. Hiyo ni namba ya simu."

Mama Zai akaipiga, akaweka spika. Ikapokelewa na mwanamke.

"Samahani dada, jana nimechukua mzigo kwa mumeo."

"Mzigo gani?"

"Ule mkali. Akaniambia nikiishiwa nimtafute."

Yaliyofuata siwezi kuyaandika hapa, kuna watoto wanasoma. Mwishowe muuzaji akafanikiwa kupokonya simu: "Ni asidi! Haidrokloriki! Ya masinki! Mwambie mke wangu ni ya masinki!"

Jibu la PubChem lilikuwa pale pale kwenye maelezo ya hatari ya jiki: ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Klorini hiyo. Nikawa nawaeleza kwamba karatasi ya usalama wa kemikali ina sehemu 16, na mtu mwenye haraka afungue ya 10, inayotaja vitu visivyopatana. Shabani, mtoto mkubwa wa Mama Zai, akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo vile vifuniko nilivyomimina chooni, hiki na hiki, kujaribu tu..."

Choo chetu na bafu vimetenganishwa na ukuta usiofika juu. Na bafuni alikuwemo mwenye nyumba.

Mlango ukafunguka kwa teke. Katoka na povu kichwani, khanga ya mkewe kiunoni, kikohozi kinampeleka mbele kuliko miguu. "Nani anakaanga pilipili chooni?" Hakuna aliyejibu, sote tulikuwa tunakimbilia barabarani, kule upepo unakotokea, maana klorini ni nzito kuliko hewa, haina haraka ya kuondoka. Mwalimu alikimbia huku anafundisha: "Ndiyo gesi hii hii ya Vita Kuu ya Kwanza! Ypres! 1915! Wajerumani!"

Tulikaa nje mpaka harufu ikaisha kabisa. Mwenye nyumba, povu limemkaukia masikioni, alipopata pumzi akamgeukia Mwalimu.

"Huyo Mjerumani amepanga chumba kipi, na kodi anamlipa nani?"