Sikukipungia Kivuli Mkono

Najua mshaletewa habari ya mimi na kivuli changu kule kwenye jumba la maonyesho ya sayansi, na mmeletewa vibaya. Swahiba wangu hana breki. Kaeni, msikie kwa mwenye msiba.

Kosa langu ni kuondoka kwenye lile pipa la mipasuo. Zoetropu, kitu cha tangu 1834: unalizungusha, unachungulia mpasuoni, na farasi waliochorwa mmoja mmoja wanatimua mbio. Ukichungulia kwa juu unaona ukungu mtupu. Nilikuwa na raha zangu pale. Swahiba akanivuta: "Twende chumba cha vivuli."

Haya, twende.

Giza. Ukuta mmoja umepakwa rangi inayokunywa mwanga. Taa ikimulika ghafla, ukuta wote unabaki uking'aa kijani, isipokuwa pale mwili wako ulipoziba. Wewe unaondoka, kivuli kinabaki. Wenye akili zao huruka juu, hutanua mikono. Mimi nikasimama ubavu, nikasubiri mwako. Kimya. Nikajua imeharibika. Swahiba karudi mlangoni kusoma maelezo. Niko peke yangu, na pua inawasha tangu asubuhi.

(Msiniangalie hivyo. Na nyie mna pua.)

Kidole kikapanda. Taratibu. Kikaingia. Kikakata kona. Kiwiko juu, mdomo wazi, na kidole cha mwisho kimesimama wima kama mtu anayekunywa chai ugenini.

PWAA!

Nikageuka. Ukutani ni mimi, mpaka kile kidole cha chai. Na mlango ndio unafunguka, wanaingia wanafunzi darasa zima.

Nikajirusha ukutani kukifunika, kifua, tumbo, mikono yote. Kumbe taa inajirudia yenyewe. PWAA! Nilipobanduka, kivuli cha pua kimemezwa, na mahali pake kuna jibaba limejibandika kama mjusi, linabusu ukuta. Na ningesogea tu pembeni, mwako wa pili ungekifuta chote bila mimi kujihangaisha!

"Mwalimu, anko alikuwa anachokonoa pua, sasa anabusu ukuta!"

Mwalimu akakohoa. Watoto wakajipanga mstari mbele ya ukuta, kila mmoja kidole puani, wanasubiri mwako.

Tukatoka, tukapanda gari, hatukuongea.

Na anayewaambia kwamba nilikipungia kivuli mkono wa kwaheri ni mwongo. Nilikuwa napapasa, natafuta mlango.