Udi wa Kifaransa

Siku ya posa ya mdogo wangu, nyanya ndiye aliyeshika chetezo. Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, mposaji hakaribishwi kwenye sebule isiyonukia, na udi ulikuwa umekwisha tangu Idi. Nyanya akaingia chumbani kwa mposwa, akatoka na kichupa cha mafuta ya lavenda.

Mdogo wangu kazi yake ni kukanda watalii hotelini. Mafuta yale ya kutoka Ufaransa huyapima utadhani sonara: matone 12 kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, basi. Nyanya hapimi. Alimwaga nusu chupa juu ya makaa.

Moto uliruka ukalitafuta pazia. Nikakinyakua chetezo, nikakitupa uani, na kiganja kikabaki kinawaka. Mdogo wangu akaja mbio, buibui begani, mkononi ile nusu chupa iliyosalia.

"Lete mkono! Mwaka 1910 mkemia wa Kifaransa, Gattefossé, maabara yake ililipuka, mikono ikaungua, akaitia lavenda. Hata jina aromatherapia, yaani tiba ya mafuta ya kunukia, ametunga yeye!"

"Yeye aliungua, ndipo ikaja lavenda. Mimi lavenda yenyewe ndiyo iliyoniunguza!" Nikautumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji.

Moshi bado umetanda, hodi! Sasa, lavenda kwetu wengi tunaijua kwa dawa ya kusafishia choo. Mshenga, mzee mwenye kofia ya viua, alisimama kizingitini, akavuta pumzi, akamuuliza baba kwa upole:

"Mabomba yamezibuka?"

"Alhamdulillahi," akajibu baba. Angesema nini?

Wakaketi, ikaletwa halua na kahawa chungu. Mshenga akaanza hotuba tangu Adamu na Hawa, lakini hata peponi hawajatoka, kidevu kikamshuka kifuani. Mimi nasema ni halua, maana alikula sahani nzima. Nyanya hataki kusikia, kwake ni lavenda iliyomlaza.

Baba akakohoa kidogo. "Mahari ni laki tatu, na kitanda cha besera."

"Tumekubali!" Mzee akazinduka na sauti ya kuitikia dua.

Babake bwana arusi alipaliwa na kahawa mpaka akapigwa mgongo. Lakini neno la mshenga halirudi, na huko ndani vigelegele vilishaanza.

Nyanya akanivuta shati mlangoni. "Kile kichupa kimebaki kitu? Jumamosi mwenye nyumba anakuja kutupandishia kodi."