Niliizamisha boti ili isizame

Mshawahi kuulizwa swali na watu wa doria saa nne usiku mkaona kabisa jibu la kweli ni baya kuliko uongo? Basi mimi yalinikuta Katonga hapa Kigoma, mwaka 2024, nimesimama ziwani maji yako kifuani, nimekumbatia jiwe.

Ngoja nianzie nyuma kidogo. Mjomba wangu alikuwa na boti ya tanga, ndogo tu, mita tano na ushee, mbao za mninga, ya zamani zile kabla kila mtu hajafunga injini. Ilikaa juu ya magogo nyuma ya nyumba yake miaka na miaka, kuku wanatagia kule nyuma kwenye shetri, watoto wanaichezea, mpaka siku moja akaniambia "mjomba ichukue hiyo, mimi magoti yamegoma." Bure! Na mimi ni fundi simu pale Mwanga, kazi yangu vioo na chaji sistimu, hata msumari wa boti sijui unapigwaje, ila bure ni bure si mnajua wenyewe.

Tatizo likawa muda. Ndo ulikuwa ule mwaka Ziwa Tanganyika limefungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kuvua ili samaki wapumzike, sisi na Burundi na Kongo na Zambia wote kwa pamoja. Sasa Katonga ile ni watu wa dagaa, mtu kazoea kulala mchana na usiku yuko ziwani na taa zake, leo unamwambia kaa nyumbani miezi mitatu, unadhani atafanya nini? Anakuja kuangalia fundi simu anavyotengeneza boti. Nilikwangua rangi ya boti ile mbele ya washauri kama thelathini. Huyu anasema toa hilo taruma, ubavu wa boti, limeoza, yule anasema liache litakuzika wewe. Kuna mmoja alikuwa anakuja na kiti chake kabisa na kikombe cha chai.

Bahati yangu kulikuwa na babu mmoja fundi wa boti, haongei sana, huyo ndo akanifundisha kalafati, kuziba mianya ya mbao. Unachukua pamba unaisokota iwe kama utambi wa koroboi, unaichovya kwenye mawese, unailaza kwenye mwanya kati ya mbao na mbao halafu unaigonga na patasi butu polepole, tk tk tk, mlio ukibadilika ukawa mzito ujue imekaa, unasogea. Babu alikuwa anagonga kwa sikio, mimi nagonga kwa hasira. Akawa ananiambia "mjukuu usishindilie hivyo, mbao itavimba hiyo, ukiinyima nafasi itaitapika pamba yote." Nikamwitikia ndiyo babu, akigeuka nashindilia. Mikono ikanuka mawese wiki nzima, kuna mama alikuja kuchukua simu yake akainusa akaniuliza, samahani kaka, na maharage unauza?

Tanga ndo kichekesho kingine. Kitambaa chenyewe sina, jirani akaniuzia turubai la bluu kwa elfu ishirini, limechanika pembeni tu, walilitumia kwenye matanga ya baba yao. Nikalipeleka kwa dada mmoja anashona sare za shule, nikamchorea pembe tatu kwenye karatasi, akaiangalia weee akaniuliza "kiuno ngapi?" Lakini alilishona vizuri, mshono mara mbili, na kwenye kona moja akaweka tundu la kifungo, nadhani mkono ulijiendea wenyewe. Mke wangu aliposikia lilikotoka akasema tanga la matanga hilo mimi sipandi, na kweli mpaka leo hajapanda.

Haya, kalafati imeisha, rangi nimepiga nje, nikajiona nahodha. Babu akaingia chini ya boti akalala chali, akaniita. Nikalala pembeni yake nikaangalia juu. Aisee, mwanga unapita kama nimelala chini ya chujio la nazi. Pale nilipokuwa sijashindilia mianya iko wazi na pale nilipokuwa nimeshindilia imefunguka jirani yake.

"Mbao imekonda," babu akasema. "Imekaa juani tangu lini hii? Inataka kunywa. Kaizamishe."

"Niizamishe babu?"

"Ijaze mawe, maji ya kiunoni, siku tatu. Itavimba yenyewe ijifunge."

Na ni kweli jamani, msicheke, ndivyo mbao ilivyo, ikikauka inasinyaa, ikilowa inatanuka, na boti ya mbao ukiitoa juani ukaitia majini siku hiyo hiyo ukapanda utafua maji mpaka ujute. Babu hakukosea. Mimi ndo nilikosea sehemu mbili. Ya kwanza niliona aibu. Nikifikiria wale washauri thelathini wakinikuta naijaza mawe boti niliyoipiga rangi juzi, nikasema hapana, hii kazi ya usiku. Ya pili, babu kasema kiunoni, na babu ni mrefu kama nguzo ya umeme, hatukukubaliana ni kiuno cha nani.

Basi usiku mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tukaisukuma taratibu, hata kuku hawakuamka. Mawe tukawa tunaokota hapo hapo ufukweni. Kama la arobaini hivi boti ikaanza kukubali, maji yanaingia kupitia ile mianya bila hata kuombwa, ndo tukamulikwa tochi.

"Nyie! Mnafanya nini hapo?"

Si unajua ziwa limefungwa, watu wawili usiku na boti, bila taa, lazima utiliwe mashaka. Shemeji akaniangalia mimi. Nikasema "mkuu, tunaizamisha boti."

Kimya.

"Mnaizamisha kwa nini?"

"Ili isizame mkuu."

Tochi ikahama kutoka usoni kwangu ikaenda kwa shemeji, ikarudi. Mmoja akamuuliza mwenzake taratibu, nilisikia, "wamekunywa hawa?" Wakaja wakamulika ndani wakitafuta nyavu wakakuta mawe. Wakamulika tena. Ukweli ni kwamba hakuna sheria inayokataza mtu kuvua mawe, wakatuambia mkimaliza mwende kulala, wakaondoka wanacheka mpaka wamefika barabarani bado nawasikia. Tukaifunga kamba ya manila kwenye kigingi tukaenda kulala.

Usiku ule upepo wa kusini ukavuma, ule wa kiangazi unaotikisa mabati. Asubuhi nafika nakuta kigingi. Kamba ipo, fundo langu lipo zuri tu, kwenye ncha ya kamba kuna kipande cha ubao na misumari miwili. Boti hakuna.

Sasa Tanganyika si bwawa bana. Kuna mahali huko katikati kina ni mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu, na kingo zake sehemu nyingi ni mteremko, unatembea maji ya goti, maji ya kiuno, halafu hatua inayofuata ni samaki. Na mimi nimeweka boti yenye mawe kwenye mteremko. Nilihisi miguu inaisha nguvu.

Washauri walishafika wote, na yule wa kiti na kiti chake. Ikabidi niseme. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Halafu mzee mmoja akafuta machozi akasema "kijana usilie, wewe siyo wa kwanza. Wajerumani waliizamisha ile meli yao 1916 ili Waingereza wasiichukue, mashine wakazipaka grisi kabisa, ikakaa chini mpaka 1924 ikaibuliwa, na ikarudi kubeba watu. Wewe ya kwako ina siku moja." Akauliza, "grisi ulipaka?" Kuanzia hapo jina la boti yangu likawa Liemba, kama ile meli inavyoitwa, sikuulizwa.

Tukaiona bahati nzuri, maji ya huku ni meupe, ukiwa kwenye mtumbwi unaangalia chini kama unaangalia kwenye glasi. Imekaa wima kwenye mchanga, kina kama cha watu watatu wamebebana, na tayari ina wapangaji, visamaki vile vidogo vya rangi vya kwenye mawe, kimoja cha njano kinazunguka kwenye omo, kule mbele ya boti, kinafukuza wenzake kama yeye ndo kalipa kodi. Jamaa mmoja akasema kwa sauti nzito kabisa, "angalia, ukiivuta na hao ndani, umevua."

Wakaanza kupiga mbizi kutoa mawe. Miezi miwili hawajagusa maji kwa kazi, walikuwa wanapokezana kama watoto. Tukaazima madumu ya lita ishirini kwa kina mama wanaouza mawese, kumi na mbili, dumu moja tupu linanyanyua kama kilo ishirini, tukayafunga ndani chini ya viti. Omo ikaanza kunyanyuka, watu wakaanza kuimba, dumu moja lenye kifuniko kibovu likajaa, boti ikalala upande, ikajifikiria, halafu ikaibuka puu! na madumu yake ya njano kama mama mjamzito. Tukaikokota mpaka maji ya kiunoni (kiuno changu safari hii), tukaacha ikae, tukabadilisha ule ubao wa kwenye kamba, siku ya tano tukafua maji yote, tukasubiri. Babu akapitisha kiganja ndani. Kikavu. Pale nilipokuwa nimeshindilia pamba imetoka nje kama ulimi, kama alivyosema, lakini hata tone haliingii. Nilipandisha tanga la matanga nikaenda nalo mpaka karibu na Bangwe na kurudi, shemeji anashangilia, tundu la kifungo linapiga mluzi.

Ilivyokuwa nzuri vile nikataka iandikwe jina kwa rangi. Nikaipandisha nchi kavu, juani, ikauke vizuri rangi ishike. Mchoraji akasema kesho. Kesho akasema Jumatatu. Akaja baada ya wiki tatu, ziwa limeshafunguliwa, washauri wangu wote wamerudi kazini, ufukwe mtupu, akaandika LIEMBA kwa herufi nyekundu nzuri sana. Nikamwita babu aje aone. Akaisoma, akasema imependeza. Halafu akainama, akaingiza ukucha kati ya ubao na ubao, ukazama wote.

Hakusema kitu. Nikamgeukia shemeji, nikamkuta anakunja suruali.

"Usiku tena?" akauliza.