Sukari kijiko kizima kwenye chupa ya sida? Jamani!

Wiki hii watu watatu wamenitumia video ileile. Ndugu yetu mmoja huku Uingereza anafundisha kutengeneza sida, yaani pombe ya matofaa, nyumbani. Matofaa kayapata bure kwa majirani, maana Oktoba huku yanaozea chini ya miti. Hadi hapo, hongera zake. Kisha anachukua chupa za mvinyo zilizokwisha kunywewa, anatia kijiko cha chakula cha sukari katika kila moja, anapiga kizibo na kutuahidi kwamba itatoa povu kama shampeni.

Itatoa. Na vioo juu.

Tupige hesabu. Kijiko hicho ni kama gramu 12, chupa ni mililita 750. Hiyo ni gramu 16 kwa lita. Hamira ikishaila yote, kwa joto la sebuleni, mgandamizo ndani ya chupa unakaribia baa 5 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Tairi la gari dogo lina baa 2 na kitu! Chupa ya shampeni ni nene kwa sababu hiyo hiyo. Ya mvinyo wa kawaida haikuundwa kubeba gesi.

Tena hapo nimemhurumia, nimechukulia kwamba sida ilikwisha kuchacha. Yeye ushahidi wake ni kwamba mapovu yameacha kutoka. Bwana, mapovu huacha kutoka hata kwa baridi! Likija joto, hamira inaamka na kumalizia sukari iliyobaki, juu ya hiyo uliyoiongeza. Haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki (maji matupu husoma 1.000), si ghali. Isome 1.000 au chini, wiki mbili baadaye isome vilevile, ndipo tuzungumze chupa. Sukari ipimwe kwa mizani, gramu 6 kwa lita, ikorogwe kwenye chombo kizima. Chupa ziwe za bia au shampeni.

Najua kuna atakayeniletea historia: mwaka 1662 kasisi John Beale aliieleza Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, habari za kutia sukari kiasi cha tunda moja la jozi kwenye chupa ya sida. Sawa, kweli. Lakini Waingereza wa wakati ule walikuwa wameshapata chupa nzito, za kioo kilichoyeyushwa kwa moto wa makaa ya mawe. Wewe una chupa ya dukani.

Na hizo wiki tatu anazosema zinatosha sida kuwa tayari? Sida si mbege. Ihamishe kwa bomba la mpira uache mashapo, ifunge isipate hewa, ilale hadi baridi iishe. Mara nyingi bakteria huigeuza ile asidi kali ya tofaa kuwa laini. Asiyeweza kusubiri anunue dukani.

Kukamua juisi, nakubali, kakufanya vizuri.

Rafiki yangu aliyekwisha kumuiga ameniuliza afanyeje na chupa alizopanga juu ya kabati la jikoni. Watoto watoke kwanza. Vaa miwani ya kazi na glavu nene, zifunike kwa blanketi zito, zima hita, fungua dirisha, chumba kipoe usiku kucha. Asubuhi zing'oe vizibo moja moja, chini ya taulo, uso ukiwa mbali.